Shimo la makula baada ya upasuaji: namna ya kusoma skani na kuainisha uponaji

Baada ya upasuaji wa shimo la makula, sehemu ya katikati ya retina, kuandika "shimo limeziba" kwenye faili la mgonjwa hakutoshi. Macho mawili yanaweza kuandikiwa maneno hayohayo, moja likawa limerudisha matabaka yote ya retina na mwenyewe anasoma gazeti, jingine likawa limefunikwa na kipande cha utando tu na katikati hakuna seli pokezi za mwanga. Mwongozo huu ni kwa madaktari wa macho, maofisa tabibu wa macho na wapimaji wanaosoma skani za OCT, yaani picha za matabaka ya retina zinazopigwa kwa mwanga, baada ya upasuaji. Unafuata mpangilio wa Rossi na wenzake wa mwaka 2020, kwa sababu unatenganisha shimo lililoziba kwa retina yenyewe na lile lililozibwa kwa kitu kilichowekwa. Mipangilio ya zamani imeelezwa pia, maana makala nyingi zinaitumia hadi leo na asiyeijua hupotoshwa na asilimia zake.

Kelly na Wendel walipochapisha matokeo ya kwanza ya vitrektomi (upasuaji wa kuondoa ute wa vitreo ndani ya jicho) kwa shimo la makula mwaka 1991, macho 30 kati ya 52 yalifanikiwa, yaani asilimia 58. Skani ya OCT ilikuwa haijaingia kliniki. Daktari alimulika jicho, akiona pete ya maji kuzunguka shimo imetoweka na kingo zimelala, alihesabu ushindi. Baadaye zikaja mbinu nyingine: Eckardt na wenzake wakaeleza kuuchambua utando wa ndani kabisa wa retina, ILM, mwaka 1997, Michalewska na wenzake wakaeleza mwaka 2010 namna ya kuupindua utando huo uingie au ulifunike shimo kubwa. Wengine wakaongeza utando wa amnioni, kapsuli ya lenzi, hata kipande cha retina ya mgonjwa mwenyewe. Leo shimo linaweza kuzibwa na kitu ambacho si fovea, kitovu cha makula, na neno moja "limeziba" haliwezi kubeba hali zote hizo.

Kabla ya kufungua skani

Kusanya mambo manne: upana wa shimo kabla ya upasuaji, limekaa muda gani, chanzo chake, na nini hasa kilifanywa chumba cha upasuaji. La nne ndilo husahaulika zaidi. Bila kujua kama ILM ilichambuliwa tu au ilipinduliwa, huwezi kujua kama kile cheupe kinachong'aa katikati ya fovea ni kovu la seli za glia (seli za kutegemeza) au ni utando uliowekwa na mpasuaji. Ripoti ya upasuaji isipopatikana, mpigie aliyepasua.

Upana hupimwa sehemu nyembamba kabisa ya shimo, katikati ya unene wa retina, kwa mstari ulio sambamba na tabaka lenye rangi lililo chini, RPE. Usipime mdomo wa juu wala kitako cha shimo. Hivyo ni vipimo vingine. Mpangilio wa kimataifa wa mwaka 2013 unaita shimo dogo likiwa na mikroni 250 au pungufu, la kati likizidi 250 hadi 400, na kubwa likizidi 400. Kundi la watafiti la CLOSE liligawa hayo makubwa zaidi mwaka 2023: hadi 550, hadi 800, hadi 1000, na zaidi ya 1000 ambayo huitwa majitu. Andika namba yenyewe, si jina la kundi peke yake, kwa sababu makundi hubadilika lakini mikroni 620 zitabaki 620.

Kuchagua siku ya skani

Gesi inayojazwa jichoni mwisho wa upasuaji ndiyo inayoamua. SF6 ya asilimia 20 huisha kwa takriban wiki mbili, C3F8 ya asilimia 14 hivi hukaa wiki sita hadi nane. Mgonjwa akiwa ameketi, gesi huelea juu, kwa hiyo ikishapungua chini ya nusu ya jicho, makula huwa ndani ya maji na skani hutoka safi. Inawezekana kupiga skani kupitia gesi hata siku chache baada ya upasuaji, ila picha huwa hafifu na ina miale ya uongo. Unachokiona kupitia gesi kiandike "dalili ya kuziba", usikipe daraja.

Kuna jambo la usalama hapa linalowahusu wagonjwa wetu moja kwa moja. Mtu mwenye gesi jichoni haruhusiwi kupanda ndege, na safari ya barabara inayopanda sana ni hatari pia: kutoka Mombasa hadi Nairobi basi hupanda takriban mita 1,700, gesi hutanuka na shinikizo la jicho hupaa. Usimwite mgonjwa wa namna hiyo kuja kupigwa skani wiki ya pili kwa ajili ya takwimu zako. Mwache gesi iishe.

Ratiba inayofaa ni mwezi 1, wa 3, wa 6 na wa 12. Daraja lolote liende na tarehe yake. Retina huendelea kujijenga miezi mingi baada ya kuziba, na jicho lenye pengo katika matabaka ya nje mwezi wa kwanza linaweza kuwa kamili mwezi wa sita. Anayeripoti daraja bila mwezi hajaripoti kitu kinachoweza kulinganishwa.

Kupiga skani yenyewe

Tanua mboni. Tumia skani yenye mistari ya karibu. Skani ya haraka ya mistari 25 kwenye upana wa milimita 6 huacha karibu mikroni 240 kati ya mstari na mstari. Tundu lililobaki la mikroni 150 linaweza kujificha hapo katikati na ripoti ikatoka "limeziba". Mistari 128 kwenye upana huohuo huacha karibu mikroni 47, na hiyo inatosha. Kama mashine ina njia ya kurudia mahali palepale kila ziara, iwashe tangu skani ya kabla ya upasuaji.

Mgonjwa ambaye shimo halijaziba mara nyingi hatazami taa kwa fovea, anatazama kwa ukingo. Mstari wa katikati ya skani basi haupiti katikati ya shimo. Ndiyo maana mstari mmoja mzuri uliochapishwa kwenye karatasi si ushahidi: fungua faili lote, pitia mstari kwa mstari, kwa mlalo na kwa wima.

Angalia pia namna picha inavyoonyeshwa. Mashine nyingi huivuta picha kwenda juu ili matabaka yaonekane vizuri, hivyo mteremko wa kawaida huonekana mkali. Unapohukumu umbo la fovea, tumia uwiano uleule kwa macho yote. Mistari ya rangi ambayo programu huichora yenyewe kugawa matabaka izime kabisa. Mahali penye kovu programu hubahatisha.

Swali la kwanza: je, RPE iko uchi?

Tafuta mahali ambapo hakuna tishu yoyote juu ya RPE, yaani kati ya tabaka hilo na ute wa vitreo pako wazi. Ukipata mstari hata mmoja wenye hali hiyo, shimo liko wazi, nalo ni daraja 0. Mistari mingine ishirini iliyoziba haibadilishi hukumu.

Daraja 0 lina sura tatu, na kila moja hudokeza kinachoweza kufanyika baadaye:

0A: kingo zimelala bapa juu ya RPE.
0B: kingo zimeinuka, kuna maji chini yake.
0C: kingo zimevimba, zina vifuko vya maji ndani.

Kingo zilizoinuka bado zinasogea. Zikiondolewa mvutano na kuwekewa gesi tena huwa na nafasi ya kukutana. Kingo bapa zimekwisha kushikamana na RPE mahali zilipo, kwa hiyo kuongeza gesi peke yake hakuzivuti kwenda katikati. Hapo ndipo wapasuaji hufikiria kipandikizi au kuilegeza retina pembeni.

Sasa, 0A ndiyo mzizi wa mkanganyiko mkubwa kuliko wote katika eneo hili. Kang na wenzake mwaka 2003 waligawa kuziba kwa aina mbili: aina ya 1, retina imekutana bila pengo, aina ya 2, pengo lipo bado lakini kingo zimelala na maji yameisha. Aina ya 2 ya Kang waliiita kuziba. Katika mpangilio wa 2020 jicho hilohilo ni 0A, liko wazi. Na "2" ya mpangilio wa 2020 ni kitu kingine kabisa, kama utakavyoona hapa chini. Chukua mfano wa kubuni: macho 50, ambamo 40 retina imekutana, 4 kingo zimelala bapa, 6 kingo zimeinuka. Kwa Kang utaripoti macho 44, asilimia 88. Kwa mpangilio mpya, 40, asilimia 80. Wagonjwa ni walewale. Kwa hiyo usiandike "aina ya 2" bila kutaja ni mpangilio wa nani, na unaposoma makala ya mtu mwingine, anzia kwenye sehemu ya mbinu uone 0A amezihesabu wapi.

Likiwa limeziba: limezibwa na nini?

Swali la pili si la ubora, ni la chanzo cha tishu. Kama katikati pamekutana retina yenyewe, ni daraja 1. Kama kuna tishu ya kujaza inayokatiza mpangilio wa fovea, iwe ya mgonjwa mwenyewe kama ILM iliyopinduliwa, au ya nje kama utando wa amnioni, ni daraja 2.

Daraja 1 hugawika hivi. 1A, matabaka yote yamerudi. 1B, matabaka ya nje yamekatika huku ya ndani yakiwa yameungana. 1C, matabaka ya ndani ndiyo yaliyokatika. 1B hutokea sana mapema, hasa kwa mashimo madogo: sehemu ya juu huungana kwanza kama daraja, chini yake kunabaki kiuwazi cheusi. Kiuwazi hicho hupungua chenyewe kwa miezi. Usimrudishe mgonjwa chumba cha upasuaji kwa sababu yake, na usikiite shimo lililobaki. Tofauti ni kwamba juu yake kuna tishu isiyokatika katika mistari yote.

Daraja 2 lina sura nne. 2A, tishu ya kujaza imepita matabaka yote kutoka juu hadi RPE. 2B, matabaka ya ndani yamerudi ya kawaida na tishu ya kujaza imebaki sehemu ya nje. 2C ni kinyume chake, matabaka ya nje yamerudi na tishu iko ndani. 2D, tishu imeunganisha kingo mbili kama kijiti cha katikati cha herufi H.

Ugumu wa kweli uko kwenye macho mawili ya kati. La kwanza ni lile ambalo mpasuaji hakuweka chochote, lakini katikati pameota kovu jeupe la glia. Shauri letu ni libaki daraja 1 kwa kadiri ya matabaka yaliyokatika, na kovu litajwe kwa maneno pembeni. Ukiliweka daraja 2 utayachanganya na macho yaliyopandikizwa, na ulinganisho wa mbinu utaharibika. La pili ni lile ambalo ILM iliyopinduliwa imelala juu ya mdomo wa shimo kama kifuniko na chini yake ni tupu hadi RPE. Mwezi wa kwanza tunaliandika "kifuniko cha utando tu, daraja halijaamuliwa". Mashimo yenye utando uliopinduliwa huweza kuendelea kujaa polepole chini ya utando huo, na kuliita wazi au limeziba wiki ya tatu ni haraka isiyo na faida. Skani ya mwezi wa tatu iamue.

Umbo la fovea na matabaka ya nje

Mwaka 1999 Imai na wenzake waligawa umbo la baada ya upasuaji kwa herufi: U, fovea yenye bonde la kawaida, V, bonde lenye mteremko mkali, W, RPE iko wazi katikati. Uoni kwa kawaida ni bora kwa U, kisha V, na mbaya zaidi kwa W. Herufi hizi bado zina kazi kwa sababu ni za haraka, lakini ziandikwe kama nyongeza. W ni 0A kwa lugha nyingine, na U haikuambii kama seli pokezi zimerudi.

Kinachoendana na uoni zaidi ni mistari miwili ya nje: utando wa nje wa kizuizi, ELM, na mstari unaong'aa wa ellipsoidi, EZ, ulio chini yake. Hurudi kwa mpangilio: ELM hutangulia, EZ hufuata. Ukiona EZ "imekamilika" mahali ambapo ELM imekatika, isome tena skani hiyo. Yaelekea umeichukua RPE au makali ya kovu ukadhani ni EZ. Pima pengo la kila mstari kwa mikroni, kwa mlalo na kwa wima kupitia katikati ya fovea, uandike namba zote mbili. ELM kamili mwezi wa tatu ni habari njema hata kama EZ ina pengo, kwa sababu pengo hilo bado linaweza kupungua hadi mwezi wa 12. ELM iliyokatika kwa upana miezi sita baada ya upasuaji haitoi matumaini hayo.

Mambo mengine yanayohadaa msomaji: mifereji midogo kwenye tabaka la nyuzi za neva baada ya ILM kuchambuliwa, ambayo si shimo jipya; uvimbe wa makula wenye vifuko, ambao waweza kuwepo kwenye shimo lililoziba vizuri; na jicho lenye myopia kali (jicho refu lisiloona mbali), ambapo koroidi, tabaka la mishipa ya damu chini ya RPE, hung'aa sana kwa sababu RPE imekonda, ukadhani kuna tishu juu yake. Kwenye macho hayo marefu hata vipimo vya upana hupotoka, kwa kuwa mashine hukadiria urefu wa jicho la kawaida. Ingiza urefu halisi wa jicho kama mashine inaruhusu.

Uoni uandikwe kando

Usilipandishe daraja kwa sababu mgonjwa anaona vizuri, wala usilishushe kwa sababu anaona vibaya. Daraja ni la skani. Uoni una safu yake: umepimwa kwa miwani sahihi, kwa chati ileile kila ziara, na kwa asiyesoma herufi, chati ya E ileile. Badilisha kuwa logMAR, kipimo cha uoni kwa logariti, ukitaka kukokotoa wastani. 6/60 na 6/24 haziwezi kujumlishwa kama zilivyo. Badiliko la 0.3 ni uoni uliozidi au kupungua maradufu.

Kando yake andika hali ya lenzi. Baada ya vitrektomi kwa watu waliopita miaka 50, wengi hupata mtoto wa jicho ndani ya miaka miwili hivi. Jicho la 1A lenye 6/36 mwezi wa tisa huenda lina makula nzuri nyuma ya lenzi iliyokunguka, na dawa yake ni upasuaji wa mtoto wa jicho. Ulizia pia mistari kupinda, kwa kadi ya Amsler yenye miraba ya mistari. Wagonjwa wengi hulalamikia hilo kuliko ukungu.

Kuandika na kuhakiki

Rekodi nzuri inaingia katika mistari miwili. Mfano: "Kulia. Kabla: MLD 620, miezi 8, hakuna jeraha. Vitrektomi, ILM imepinduliwa, C3F8. Mwezi 3: daraja 2B (mpangilio wa 2020), ELM pengo 0, EZ pengo 240 mlalo na 210 wima. Uoni 6/24, lenzi ina ukungu wa kati." MLD hapo ni ule upana mdogo kabisa wa shimo kwa mikroni. Anayesoma miaka mitatu baadaye hahitaji kukisia.

Kwa utafiti au tathmini ya kliniki, wasomaji wawili wasome kila mmoja peke yake bila kujua uoni, lakini wakijua mbinu ya upasuaji, maana daraja 2 halisomeki bila hiyo. Tofauti zitatokea hasa kati ya 1A na 1B, na kati ya 2A na 2B. Msomaji wa tatu aamue, na kipimo cha makubaliano, kappa, kiripotiwe kwa makundi makuu na kwa vigawanyo pia. Wasomaji wanaweza kukubaliana vizuri kwenye 0, 1 na 2, wakashindwa kwenye herufi.

Jicho lililoandikwa limeziba likaonekana wazi ziara ya baadaye, usifute daraja la zamani. Ongeza jipya na tarehe yake, kisha tafuta sababu: utando mpya juu ya retina, au uvimbe wa makula, ambao huweza kufuatia upasuaji wa mtoto wa jicho. Ila kabla ya kuandika "limefunguka tena", fungua skani ya kwanza uipitie mstari kwa mstari. Kama ilikuwa ya mistari 25, iandike pembeni kwamba haikutosha kuthibitisha kuziba, na usilihesabu jicho hilo kwenye orodha ya yaliyofunguka.